Kulainisha kingo za nembo unapopunguza picha kwa amri za terminali: ngazi-ngazi, utepe mweupe, na bango la mita 3

kahawa_mbale

Ndugu zangu, salaam. Nina nembo ya ushirika wa kahawa wa huku Mbale: korongo taji mweusi mwenye taji la dhahabu, yumo ndani ya duara jekundu, na jina la ushirika limelizunguka duara. Faili ni PNG ya pikseli 2400 kwa 2400, mandharinyuma ni wazi. Zinatakiwa nakala tatu: pikseli 160 za tovuti, pikseli 512 za simu, na bango la mita 3 kwa mita 1 litakalochapishwa Nasser Road, Kampala. Mashine ni Ubuntu 22.04. Nataka kila kitu kifanyike kwa amri, kwa sababu baada ya nembo kuna folda nzima ya picha za mashamba zinazotakiwa kupunguzwa pia.

Amri ya sasa, ya programu ya ImageMagick, ni hii:

`convert nembo.png -sample 160x160 nembo-160.png`

Duara linatoka ngazi-ngazi, na nyuzi za taji zinakatika-katika. Nikiweka `-resize` mahali pa `-sample`, ngazi zinaondoka, lakini nembo ikikaa juu ya kijani cha tovuti inaonekana na utepe mweupe mwembamba pembeni. Nikiongeza `-blur` utepe unafifia, ila korongo mzima anaingia ukungu. Nifuate njia ipi? Na hilo bango, nikuze hii hii ya 2400?

---

pikseli_kla

Ngazi kwanza, kwa kuwa sababu yake iko wazi. Kutoka 2400 kwenda 160 ni kugawanya kwa 15, kwa hiyo kila pikseli mpya inasimama mahali pa pikseli 225 za zamani (15 × 15). `-sample` huchukua moja kati ya hizo 225 na kuziacha 224 bila kuzitazama. Pikseli iliyochukuliwa ikiwa nyekundu, mraba wote ni mwekundu. Ikiwa wazi, mraba wote ni wazi. Hakuna rangi ya kati, na ulaini wa ukingo ni hizo rangi za kati. Uzi wa taji wenye unene wa pikseli 6 unaweza kupita katikati ya sehemu mbili zilizochukuliwa usiguswe kabisa. Ndiyo maana unakatika.

`-scale` hupiga wastani sawa wa pikseli zote za eneo lile. Ni bora mara nyingi zaidi, ila mistari ya mshazari inabaki na ukakasi kidogo. `-resize` hupiga wastani wenye uzito: pikseli za katikati huhesabiwa zaidi, za mbali kidogo. Uzito huo hupangwa na kichujio, na hapa ndipo pa kuchagua kwa makini.

Lanczos husoma hadi pikseli 3 mpya kila upande, yaani upana wa pikseli 90 za zamani kwa nembo yako. Ni kichujio chenye makali, lakini sehemu ya uzito wake ni hasi, na uzito hasi huzaa mwangwi: pembeni mwa mstari mweusi kwenye eneo la rangi moja unaona mstari mwingine uliong'aa kuliko mandharinyuma. Kwenye picha ya shamba mwangwi huo humezwa na majani. Kwenye nembo ya rangi bapa unaonekana wazi.

Mitchell husoma pikseli 2 kila upande. Uzito hasi anao pia, ila mdogo sana. Kwa nembo mimi naanza na huyu.

Catrom ana makali kuliko Mitchell, na mwangwi wake ni mfupi kuliko wa Lanczos. Triangle na Hermite hawana uzito hasi kabisa, kwa hiyo hawana mwangwi. Triangle hulegeza picha, Hermite kidogo tu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Usipotaja kichujio, ImageMagick huchagua chenyewe: Mitchell ikiwa picha ina uwazi, ina jedwali la rangi, au inakuzwa, Lanczos kwa nyingine zote zinazopunguzwa. Kwa hiyo amri ile ile, kwa nembo ile ile, hutoa kingo tofauti ikipewa PNG yenye uwazi na ikipewa JPG. Taja kichujio kila mara:

`convert nembo.png -filter Mitchell -resize 160x160 nembo-160.png`

`-filter` lazima itangulie `-resize`. Ikija baada yake haifanyi lolote, wala hutaonywa.

`-blur` usiitumie hapa. Inapunguza makali ya picha nzima ili kuficha kasoro ya ukingo peke yake. Kama baada ya kupunguza nembo inaonekana imelegea, kinachohitajika ni kinyume chake, na kiwe kidogo: `-unsharp 0x0.6+0.5+0.008`, mwishoni, baada ya `-resize`. Ukizidisha, mwangwi ulioukimbia kwa Mitchell utaurudisha kwa mkono wako.

Nakala ya 160 na ya 512 zote zitoke kwenye ile ya 2400. Usiipunguze 512 kuwa 160, kwani kila kupunguza hulegeza ukingo upya.

(Amri hizi ni za toleo la 6, ambalo ndilo lililomo katika Ubuntu 22.04. Mwenye toleo la 7 aandike `magick` mahali pa `convert`.)

---

nyabo_terminali

Naongezea kuhusu utepe mweupe, maana hausababishwi na `-resize`. ImageMagick huhesabu rangi pamoja na uwazi wake, kwa hiyo weupe uliofichwa ndani ya pikseli zilizo wazi kabisa hauvuji. Utepe huo umo tayari ndani ya faili la 2400. Kuhakikisha, weka nembo kubwa juu ya rangi kali na ukuze kipande cha ukingo bila kulainisha:

`convert nembo.png -background magenta -alpha remove -crop 60x60+1170+0 +repage -filter Point -resize 1000% kagua.png`

Badilisha namba za `-crop` mpaka uone ukingo wa duara. Ukiona pikseli nyeupe au za waridi hafifu kati ya nyekundu na ile magenta, nembo ilichorwa kwanza juu ya karatasi nyeupe, kisha mtu akaondoa nyeupe kwa `-fuzz 10% -transparent white` au kwa kifaa cha kufutia. Pikseli za mpakani zilikuwa mchanganyiko wa nyekundu na nyeupe. Hazikuwa nyeupe ya kutosha kufutwa, zikabaki zimekolea bila uwazi wowote.

Dawa ni kuusogeza ukingo wa uwazi ndani kidogo ukiwa bado kwenye ukubwa kamili, kisha ndipo upunguze:

`convert nembo.png -channel A -blur 0x2 -level 50,100% +channel -filter Mitchell -resize 160x160 nembo-160.png`

`-channel A` inafanya ukungu uguse uwazi peke yake. Rangi za korongo haziguswi. `-level 50,100%` inakata nusu ya nje ya ukungu huo, hivyo ukingo unaingia ndani pikseli chache na unabaki laini. Kwa kuwa unagawanya kwa 15, pikseli 2 za nembo kubwa hazifiki hata sehemu ya saba ya pikseli moja kwenye ile ya 160. Hakuna atakayeona duara limepungua. Lakini ukifanya hivyo hivyo baada ya kupunguza, unakula pikseli nzima mbili za nembo ya 160, na nyuzi za taji zinakwisha. Usisahau `+channel`, bila hiyo hatua zinazofuata zinabaki zimefungiwa kwenye uwazi.

Nembo ya rangi moja tu, mfano muhuri mweusi juu ya nyeupe, ina njia safi zaidi. Tumia weusi wenyewe kuwa uwazi:

`convert muhuri.png -alpha off -colorspace Gray -negate -background black -alpha shape muhuri-wazi.png`

Kila kijivu cha mpakani kinageuka weusi wenye uwazi wa kiasi kile kile, na utepe hauna pa kutokea. Hii ifanye kwenye faili la asili lenye nyeupe, kabla mtu hajaligusa kwa `-transparent`.

Halafu, GIF usiifikirie kwa nembo yenye uwazi. GIF ina pikseli iliyo wazi au isiyo wazi, hakuna nusu, kwa hiyo kila ulaini ulioupata kwenye ukingo unakatwa dakika ya kuhifadhi na ngazi zinarudi.

---

mwanga_halisi

Nyuzi za dhahabu zinadai jambo moja zaidi. Namba za rangi ndani ya faili la kawaida hazipandi sawa na mwanga. Wastani wa nyeusi (0) na nyeupe (255) ukipigwa juu ya namba hizo ni 127 au 128. Ukipigwa juu ya mwanga wenyewe ni 188. Tofauti hiyo ndiyo inayozima mistari myembamba yenye mwanga juu ya giza. Uzi mweupe unaofunika theluthi moja ya pikseli nyeusi unatoka 85 kwa hesabu ya kawaida, na 156 kwa hesabu ya mwanga. Wa kwanza unakaribia kupotea, wa pili unaonekana.

`convert nembo.png -colorspace RGB -filter Mitchell -resize 160x160 -colorspace sRGB nembo-160.png`

`RGB` kwa lugha ya ImageMagick ni rangi zilizonyooshwa kufuata mwanga. Na `sRGB` ni rangi za kawaida. Mwisho lazima urudi kwenye sRGB.

Ila angalia maandishi. Mstari mweusi unaofunika theluthi ya pikseli nyeupe unatoka 170 kwa hesabu ya kawaida na 213 kwa hesabu ya mwanga, yaani herufi nyeusi zinakonda na kupauka. Taji la dhahabu likiwa juu ya weusi, tumia mwanga. Jina la ushirika likiwa jeusi juu ya nyeupe, usitumie. Vyote viwili vikiwa kwenye nembo moja, toa nakala mbili uzitazame kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, maana ukizikuza ndipo utachagua vibaya.

Mwenye ImageMagick iliyojengwa kwa Q8 asifanye hivi: biti 8 hazitoshi kubeba rangi zilizonyooshwa, na vivuli vya giza vinatoka mistari-mistari. `convert -version` inaonyesha. Ya Ubuntu ni Q16, iko salama.

---

kahawa_mbale

Nashukuru sana, ssebo na nyabo. Kukagua juu ya magenta kumeonyesha waridi hafifu kote pembeni mwa duara, na `-level 50,100%` imeumaliza utepe. Dhahabu kwa `-colorspace RGB` imekolea. Kwenye 160 maneno ya duara hayasomeki kwa njia yoyote ile.

Sasa kuna nembo ya pili, ya chama cha akiba cha wanachama hao hao. Hiyo ipo kwa JPG tu, upana wa pikseli 600, imepitia WhatsApp, korongo mweusi na jua la dhahabu juu ya nyeupe. Nayo inatakiwa kwenye bango lile lile.

---

stika_na_bango

Maneno yasiyosomeka kwenye 160 hayataokolewa na kichujio. Mzingo wa duara lenye kipenyo cha pikseli 160 ni kama pikseli 500. Jina la herufi 40 linabaki na pikseli 12 kwa herufi pamoja na nafasi yake, tena limeinama. Yaondoe. Nembo ya 160 na kushuka chini iwe na korongo na duara peke yake, na jina liandikwe kando kwa maandishi ya tovuti.

Kuhusu bango, usikuze pikseli. Mita 3 kwa pikseli 100 kwa inchi ni pikseli 11,811. Nembo ya 600 ikipewa hata theluthi ya bango itakuzwa zaidi ya mara 6, na kila kasoro ya JPG itakuwa na ukubwa wa kuonekana kutoka barabarani. Kwanza muombe mwenye nembo faili la asili, na kama anatuma kwa WhatsApp atume kama hati, si kama picha. Picha inabanwa upya kuwa JPG na uwazi wote unapotea. Faili la asili likikosekana, chora upya kwa `potrace`, ambayo hugeuza umbo la weusi na weupe kuwa mistari ya SVG isiyo na pikseli.

`sudo apt install potrace librsvg2-bin`

Anza na korongo mweusi:

`convert chama.jpg -colorspace Gray -filter Mitchell -resize 400% -threshold 40% korongo.pbm`

`potrace -s -t 20 -a 1.1 -o korongo.svg korongo.pbm`

Kuna sababu ya kukuza mara 4 kabla ya `-threshold`. Kijivu cha mpakani kinabeba habari ya mahali ukingo ulipo ndani ya pikseli. Ukikata weusi na weupe kwenye 600, habari hiyo inatupwa, na potrace inazifuata ngazi kwa uaminifu. Ukikuza kwanza, kijivu kinageuka kuwa mkunjo.

`-t 20` inafuta madoa yasiyozidi pikseli 20. Baada ya kukuza mara 4, pikseli moja ya zamani ni 16, kwa hiyo chembe moja moja za JPG zinaondoka. Nukta ya jicho la korongo itazame: ikipotea, shusha namba. `-a` ni ulaini wa pembe: 0 huacha pembe zote kali, kawaida ni 1, na 1.3334 hulainisha kila kitu mpaka ncha za nyuzi za taji zinakuwa mviringo.

`-threshold 40%` hapo juu ni kwa sababu dhahabu ikigeuzwa kijivu ni nyepesi kuliko asilimia 40, inaangukia upande wa nyeupe. Dhahabu iliyokoza sana inaweza kuingia upande wa weusi. Shusha hadi 30%.

Jua la dhahabu linatolewa peke yake. Pima rangi yake kwanza, tuseme ni #E0A020:

`convert chama.jpg -filter Mitchell -resize 400% -fuzz 25% -fill white +opaque '#E0A020' -fuzz 0 -fill black +opaque white -morphology Erode Disk:3 jua.pbm`

`potrace -s -t 20 -C '#E0A020' -o jua.svg jua.pbm`

`Erode` hapo inapanua weusi, si kuupunguza, kwa kuwa umbo letu ni jeusi juu ya nyeupe. Upanuzi huo ni wa lazima. Kila rangi imechorwa kivyake, na kingo mbili zilizolainishwa kila mmoja kwa wake hazikutani sawasawa. Bila kuzidisha, kati ya jua na korongo unabaki mwanya mweupe kama uzi, na kwenye bango la mita 3 mwanya huo ni milimita kadhaa. Weka jua chini, korongo juu, kwenye Inkscape (programu ya kuchorea SVG), na sehemu iliyozidi inafunikwa. Hifadhi kwa jina `chama.svg`.

Kutoka kwenye SVG hiyo kila ukubwa unachorwa moja kwa moja, bila kupunguza chochote:

`rsvg-convert -w 160 chama.svg -o chama-160.png`

`rsvg-convert -f pdf chama.svg -o chama.pdf`

Mpelekee mchapishaji hiyo PDF. Rangi zake ni za RGB, kwa hiyo mtake akutolee kipande kidogo cha jaribio, hasa kwa ajili ya dhahabu, kabla ya kuchapa mita 3. Ukipitisha SVG kwenye `convert`, `-density` iandikwe kabla ya jina la faili. Ikija baadaye, SVG imekwisha kuchorwa kwa kiwango cha kawaida na unachokuza ni pikseli.

Mchapishaji akishikilia kutaka picha ya pikseli, mpe 100 kwa inchi. Ukijaribu 150, upana ni 17,717, na ImageMagick ya Ubuntu inakataa kwa sababu `/etc/ImageMagick-6/policy.xml` inaweka ukomo wa pikseli elfu 16 kwa upana na kwa kimo. `identify -list resource` inaonyesha ukomo wa mashine yako. `rsvg-convert` haisomi faili hilo.

---

pikseli_kla

Nimalizie folda ya mashamba. Hizo ni picha za kamera, Lanczos inafaa:

`mkdir -p wavuti`

`mogrify -path wavuti -auto-orient -filter Lanczos -resize '1280x1280>' -quality 85 *.jpg`

`-path` usiiache, maana `mogrify` bila hiyo inaandika juu ya picha za asili. Alama `>` inazuia picha ndogo zisikuzwe, na lazima ikae ndani ya nukuu. Bila nukuu, shelo inaielewa kuwa ni kuelekeza matokeo kwenye faili, na utakuta kwenye folda faili lenye jina `-quality`. Linafutwa kwa `rm ./-quality`.

Picha yenye mabango au bendera ndani yake ipe `-sampling-factor 4:4:4`. Chini ya ubora wa 90, kwa kawaida ImageMagick huhifadhi rangi za JPG kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, na penye nyekundu kupakana na nyeusi au manjano, kama bendera yetu, rangi inavuja nje ya ukingo. Watu huilaumu `-resize` bure.

Na kama kwenye bango kuna msimbo wa QR wa malipo, huo usiulainishe hata kidogo. Ukuze kwa namba kamili, `-filter Point -resize 800%`, uuhifadhi kwa PNG, na uache pembeni nafasi nyeupe ya upana wa miraba 4 ya msimbo wenyewe.